Mzee Nukta na Neno la Ibara ya Themanini na Nane

Ukimuuliza Mzee Nukta, atakuambia kwamba aliwahi kuzuia vita kwa koma moja. Mkataba ulikuwa mezani, majenerali wawili wameshika kalamu, na yeye, msahihishaji wa prufu katika Kiwanda cha Uchapaji cha Serikali, akapiga kelele kutoka chumba cha mashine: "Koma hiyo ikikaa hapo, mmepeana mto lakini maji mmenyimana!" Majenerali wakakumbatiana, wakalia, wakafuta machozi kwa bendera. Kuna siku koma hiyo hugeuka kuwa nukta, na majenerali huwa watatu. Aliyethubutu kumkumbusha hesabu ya jana alijibiwa kwamba majenerali ni wengi, kila mmoja ana zamu yake.

Lililokuwa kweli, tena bila chumvi, ni kwamba alisoma prufu za serikali, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapwa, kwa miaka thelathini na moja: sheria, hotuba, matangazo ya zabuni, hata kadi za kliniki. Shule aliishia darasa la saba. Mengine yote aliyasoma kwenye karatasi za watu, wino haujakauka. Alistaafu na miwani mizito kama vitako vya chupa, kalamu nyekundu sikioni, na tabia ya kusahihisha mabango ya maduka kwa chaki bila kuombwa.

Lililokuwa kweli zaidi, na ambalo hakulisimulia kwa mtu, ni habari ya karatasi moja ya miaka mitatu nyuma.

Mtaa wao umekaa ukingoni mwa jimbo. Barabara ndiyo mpaka: ukivuka lami uko jimbo jingine, lenye gavana wake, bendera yake na mihuri yake. Nchi nzima ni majimbo matano yaliyoshonwa pamoja baada ya ugomvi mrefu, na mshono wenyewe ulikuwa bado mbichi. Jimbo moja likipiga chafya, mengine manne yanakimbilia kufunga milango. Basi siku hiyo wakaja maofisa wa mipaka. Wakapanga viti, wakagawa soda baridi, wakasema maneno mengi kuhusu maendeleo, kisha wakapitisha karatasi ya mahudhurio. Mzee Nukta alikaa mbele, kwa hiyo karatasi ilianzia kwake. Ana saini nzuri, yenye mkia unaozunguka mara mbili, na hajawahi kukosa nafasi ya kuionyesha. Akasaini, akaipuliza ikauke.

Miezi miwili baadaye mpaka ukapinda kama kiwiko, ukaizunguka shule ya mtaa, ukarudi barabarani. Shule ikawa ya jimbo la pili, lile la ng'ambo ya lami, na watoto wa mtaa wakapangiwa shule nyingine, mwendo wa saa nzima. Wazazi walipopiga kelele, wakaonyeshwa ripoti: "Wananchi wa eneo husika wameshirikishwa. Saini mia mbili na kumi na nne zimeambatanishwa." Namba moja kwenye orodha ilikuwa na mkia uliozunguka mara mbili.

Sasa jimbo la pili lilikuwa limeomba mpaka upinde tena, safari hii uzunguke zahanati. Ombi hilo liliwekwa kando kusubiri katiba mpya. Na mkunga wa zahanati hiyo alikuwa binti yake Mzee Nukta, mwanawe wa pekee. Zahanati ikihama, wafanyakazi wa jimbo hili wangetawanywa kwenye vituo vya mbali, yeye akiwa wa kwanza, kwa kuwa alikuwa hajaolewa na ofisi huwaona wasioolewa kama mizigo isiyo na mwenyewe.

*

Umoja wa Watumiaji wa Zahanati ulikutania kwenye karakana ya ushonaji. Mwenyekiti wake alikuwa fundi cherehani, mwenye karakana, mdogo wa marehemu mke wa Mzee Nukta. Yaani shemeji, na utani wao ulikuwa hauna breki.

"Shemeji Namba Moja," alimpokea, pini tatu mdomoni, "leo kaa nyuma. Karatasi ianzie kwa mwenye akili."

Watu waliokalia marobota ya vitambaa wakavunjika mbavu.

"Chekeni tu," Mzee Nukta akasema. "Dada yake alinipenda kwa sababu ya saini hii hii."

"Dada yangu alikuwa haoni mbali. Ndiyo maana wewe ulimkaribia sana."

Hapo hata Mzee Nukta alicheka, ingawa hilo jina la Namba Moja lilimchoma kila lilipotajwa, na shemeji alijua, na hakuacha.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa wakili kijana, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alitumwa na mtandao wa asasi za kiraia: vyama vya akina mama, vya wakulima, vya walemavu, vya madereva, vilivyounganisha nguvu kuisukuma Tume ya Katiba isikie watu wa kawaida. Alikuja na boksi la fulana za rangi ya chungwa. Kifuani, kwa herufi kubwa kama za treni, zilisema: SHIRIKISHWA!

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "rasimu ya kwanza haikuwa na neno hata moja kuhusu sisi. Mipaka ilikuwa mali ya magavana. Tumeandamana, tumeandika, tumelala kwenye ngazi za Tume miaka miwili. Sasa sikilizeni Ibara ya Themanini na Nane." Akasafisha koo. "'Mpaka wa jimbo hautabadilishwa mpaka wananchi wa eneo husika washirikishwe.'"

Makofi yakalia hadi bobini zikaruka mezani. Wakili akatoa karatasi ya kuiunga mkono ibara hiyo. Kila chama nchini kilikuwa kinasaini, na karatasi zote zingewasilishwa Alhamisi kwenye kikao cha mwisho cha Tume.

Karatasi ikatembea, ikafika nyuma. Mzee Nukta akafungua kalamu. Ikabaki hewani. Watu wakangoja, maana haijawahi kutokea saini ile ichelewe.

"Binti yangu," akasema, "hilo neno la mwisho mmelitoa wapi?"

"Lipi, Mzee?"

"Washirikishwe."

"Hilo ndilo ushindi wenyewe!"

"Hilo ndilo lililokula shule yetu."

Shemeji akatoa pini mdomoni, moja moja.

"Sikilizeni," Mzee Nukta akasema, na kwa mara ya kwanza hakuleta jenerali hata mmoja. "Kuna kula, na kuna kulishwa. Anayekula ana mkono wake na mdomo wake, akishiba anasukuma sahani. Anayelishwa hata hajui kijiko kinachofuata kimebeba nini. Kuna kushiriki, na kuna kushirikishwa. Sisi walitushirikisha. Waliandika kweli tupu! Tuliketi, tukanywa soda, tukaandika majina. Nani alituuliza kama tunakubali?"

"Kama kuvaa na kuvishwa," shemeji akasema polepole. "Wanaovishwa ni watoto wachanga, wagonjwa na maiti."

Wakili alikuwa amesimama na fulana mkononi, kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyoijenga haina mlango. "Mzee," akasema, na sauti ikapungua, "unajua neno hilo limetugharimu nini? Kuna mwenzangu alivunjwa mkono kwenye maandamano. Sasa mnataka tuseme halifai?"

"Nataka tuseme limebaki nusu."

"Hata kama ni hivyo, tumechelewa. Rasimu imefungwa. Wajumbe wa majimbo matano wameshatia mikono, na wawili kati yao walishawahi kutoka nje wakabembelezwa siku tisa warudi. Maudhui hayaguswi mpaka wote watano wakubali palepale kikaoni. Kinachopokelewa ni masahihisho ya lugha tu. Nukta, herufi, neno lililorudiwa."

Heri asingalisema hivyo. Masikio ya Mzee Nukta yalisimama kama ya sungura.

*

Asubuhi ya pili yake alikwenda zahanati na Fomu ya Masahihisho ya Lugha mfukoni, imejazwa. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata funguo za ghala. Benchi lilikuwa limejaa akina mama, na binti yake alikuwa nyuma ya pazia na msichana mjamzito aliyeletwa na mama mkwe wake.

"Mpime tu, mwanangu, hana neno," mama mkwe alikuwa anasema.

"Mama, tumbo si lako," mkunga akamjibu kwa upole. "Dada, nikupime?"

Msichana akaitazama mikono ya mkunga. Mama mkwe akaguna. Mkunga alikaa tu, mikono imetulia mapajani, kana kwamba foleni nje ilikuwa ya watu wa nchi nyingine. Ndivyo alivyofanya kazi siku zote: hamgusi mtu mpaka mtu huyo mwenyewe aseme, na wenzake walimlaumu kwamba anachelewesha.

"Baridi?" msichana akauliza. "Mikono yako ina baridi?"

"Nimeipasha."

"Basi nipime."

Akina mama walipopungua, Mzee Nukta alivuta kiti karibu na mizani ya watoto, akaifunua fomu kama mchawi anayetoa njiwa.

"Ona. 'Mpaka hautabadilishwa mpaka.' Mpaka mara mbili kwenye sentensi moja! Kosa la wazi, mhariri yeyote atalipokea. Basi ukiiandika upya sentensi, maneno si husogeasogea? Naandika: 'Mpaka wa jimbo hautabadilishwa bila ridhaa ya wananchi wa eneo husika.' Fupi, safi, mpaka mmoja umekufa, na kale kaneno kameanguka njiani bila mtu kukaona."

"Na hawatakagua?"

"Mkuu wa wahariri wa Tume ni nani? Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kalamu nyekundu. Fomu yangu ataipitisha amefumba macho." Akashusha sauti. "Zahanati itabaki, mwanangu. Na wewe utabaki."

Binti yake alisoma fomu, akairudia. Alikuwa na macho ya mama yake, yale yasiyokopeshwa uongo.

"Wajumbe watalijua lini hili, Baba?"

"Likishapigwa chapa."

"Basi na wao watakuwa wameshirikishwa."

Miaka thelathini na moja ya kazi, Mzee Nukta hakuwahi kubadilisha maana ya sentensi ya mtu kwa siri. Aliwahi kukosa usingizi kwa sababu ya 'si' iliyoponyoka kwenye sheria ya ardhi. Na sasa alikuwa ameketi karibu na mizani ya watoto wachanga, anajisifia wizi.

"Na wakigundua baadaye," binti akaongeza, "jimbo la pili litasema katiba yote ni ya ujanja. Watatoka, na safari hii hawatabembelezeka. Mimi sitaki kubaki hapa kwa njia hiyo. Niliwakuta hapa watu wa pande zote mbili, na wote nawauliza kabla sijawagusa."

"Kwa hiyo unataka nikaseme waziwazi, mbele ya wajumbe watano, mmoja wao akikataa tu imekwisha?"

"Unaogopa?"

"Mimi? Mimi niliwahi..." akaanza, kisha akaiacha hadithi katikati. "Ndiyo. Naogopa."

Mizani ilikuwa inayumba mguu mmoja. Mkunga akaikunja fomu mara nne, akaitia chini ya mguu ule. Ikatulia.

*

Alhamisi ukumbi wa Tume ulifurika. Meza ilikuwa ya nusu duara, na katikati yake alikaa mwenyekiti, jaji mstaafu wa kike mwenye nywele nyeupe zilizokatwa chini kabisa. Kulia na kushoto kwake wakakaa wajumbe watano, kila mmoja na bendera ndogo ya jimbo mbele yake. Mjumbe wa jimbo la pili alikuwa pande la mtu, na kiti chake kilimlalamikia kila alipopumua. Vyama vilipanda kimoja kimoja, vikasoma karatasi za kuunga mkono, vikapigiwa makofi. Wakili alikuwa ameupa Umoja wa Watumiaji wa Zahanati dakika kumi. Alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile ya karakana, ilionekana machoni, na fulana yake ya chungwa aliivalia koti.

"Sikuahidi kwamba nitasimama na ninyi," alimwambia Mzee Nukta mlangoni. "Nimeahidi dakika."

"Dakika zinatosha, binti yangu."

Mzee Nukta alipanda jukwaani na shemeji yake nyuma. Kabla ya kusema lolote alitoa karatasi iliyopigwa mistari, yenye namba moja hadi sita. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kumbukumbu za Umoja wetu, naomba mnisainie mahudhurio."

Shemeji akaipeleka mezani. Jaji akasaini. Wajumbe wanne wakasaini, mmoja wao akizungumza kwenye simu. Pande la mtu akasaini bila kuinua macho kutoka kwenye makabrasha yake. Karatasi ikarudi. Mzee Nukta akavaa miwani juu ya miwani.

"Ahsanteni. Sasa nasoma maandishi ya juu, yale madogo. 'Sisi tuliosaini hapa chini tumeshirikishwa kuhusu kuhamishia Tume hii, pamoja na viyoyozi vyake, kwenye karakana ya cherehani ya mtaani kwetu, na kuhusu kila mjumbe kujifunza kutia vifungo kwa muda wa miaka mitano.'"

Ukumbi ulilipuka. Kuna mzee wa chama cha madereva aliyecheka akaanguka na kiti, na wanaosimulia leo wanasema alianguka viti vitatu.

"Sijawadanganya," Mzee Nukta alisema kelele ziliposhuka. "Nimewashirikisha."

Lakini pande la mtu hakucheka. Alisimama, na meza ikasogea. "Tunafanyiwa mzaha hapa? Nimeacha kazi zangu nije nichezewe na kibabu? Huu ni mtaa ule unaotupinga, naujua! Nikitoka mlango huu, natoka na jimbo langu." Viti viwili vingine vikasogea nyuma, na bendera ndogo moja ikaanguka. Kicheko kilizimika ukumbi mzima kana kwamba kuna aliyezima taa. Wakili alijishika kichwa. Siku tisa za kubembeleza watu zilikuwa zinaondoka kwa miguu.

Utani wa Mzee Nukta, uliomvusha maisha yote, ulikuwa umevuka pale ambapo hakutaka ufike. Akaivua miwani ya juu. Karatasi akairarua, vipande akavitia mfukoni.

"Mheshimiwa, kaa kidogo. Usinisikilize kama mpinzani. Kwenye ile karatasi ya shule, namba moja ni mimi. Mimi, msahihishaji wa prufu. Nimesoma sheria zote za nchi hii kabla hazijawa sheria. Na nilisaini bila kusoma juu, kwa sababu saini yangu ni nzuri na soda ilikuwa baridi. Watu mia mbili na kumi na tatu wakaona nimesaini, wakasaini. Watoto wao wanatembea saa nzima kwenda shule kwa ajili yangu. Nimekuwa nikisema ni ujanja wa maofisa. Ulikuwa ujanja, lakini wino ulikuwa wangu. Sasa binti yangu ni mkunga kwenye zahanati mnayoiomba. Siwaambii msiipate. Nawaomba neno lenu la Ibara ya Themanini na Nane lituulize, badala ya kutunywesha soda."

Nyuma yake shemeji alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwahi kumsikia akisema vile, si msibani, si popote.

Pande la mtu alibaki wima. Akatazama kiganja chake kilichokuwa kimeshika kalamu, kana kwamba kalamu ile ndiyo iliyomsemea.

"Hakuna aliyesoma juu," akasema hatimaye, kwa sauti nyingine. "Hata mimi hapa." Akaketi. Kiti kikalia. "Nitawaambia jambo, na magavana wasinikasirikie. Na kwetu walikuja na soda. Watu wangu walisaini wakidhani wanajengewa shule mpya. Wakaletewa shule ya watu wengine, na majina ya watoto wa watu bado yamekwaruzwa kwenye madawati. Wazee wangu waliona haya kuvuka barabara mwaka mzima."

Jaji mstaafu alimwachia muda wa kumaliza. Kisha akageukia ukumbi. "Mtandao wa asasi, neno hili mlilipigania ninyi. Mnasemaje?"

Wakili akasimama. Akafungua vifungo vya koti, fulana ya chungwa ikaonekana na neno lake lote. Aliitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyekosea mbele ya wageni. "Tulipoanza," akasema, "hatukuwa hata na nafasi ya kualikwa. Tulipigania mlango, mlango ukafunguka, tukafurahi hadi tukasahau kuuliza ndani kuna nini. Sioni haya kwa neno hili. Ila mzee huyu kasema kweli, limebaki nusu. Tunaomba 'waridhie kwa kura'."

"Kila mtaa ukiwa na kura, barabara kuu itajengwa lini?" akadakia mjumbe wa jimbo la nne.

"Ibara inahusu mipaka, Mheshimiwa. Lami yako iko Ibara ya Mia na Mbili," jaji akamjibu, na kicheko kikarudi ukumbini, kidogo kidogo, kinanyata.

"Mimi naafiki," pande la mtu akasema, "kwa sharti moja. Pande zote mbili zipige kura, kila upande kivyake. Wanaohamishwa na wanaohamishiwa."

Mzee Nukta alikunja uso. Kichwani mwake alikuwa ameshaipiga ramani chapa: neno jipya likiingia, mwakani mtaa upige kura peke yake, shule irudi. Kwa sharti hili shule isingerudi mpaka wale wa ng'ambo nao waseme ndiyo.

"Shemeji," akanong'ona, "hapo shule tumeiaga."

"Kwa nini?"

"Watatunyima."

"Umewauliza?" shemeji akanong'ona naye. "Au na wewe umeshakuwa ofisa wa mipaka?"

Mzee Nukta akamtazama jaji, akatikisa kichwa kukubali.

Jaji akawauliza wajumbe mmoja mmoja, kwa jina la jimbo, na kila mmoja alitakiwa ajibu kwa mdomo wake. Wa nne alichukua muda mrefu hata mwandishi wa kumbukumbu akaweka kalamu chini. Akasema ndiyo. Ibara ikaandikwa upya palepale: "Mpaka wa jimbo utabadilishwa tu endapo wananchi wa kila upande wameridhia kwa kura ya siri." Mkuu wa wahariri aliileta kwa mwalimu wake wa zamani ikaguliwe. Mzee Nukta aliisoma mara tatu, neno kwa neno, kidole kikifuata. Hakuona la kusahihisha, jambo lililomuudhi kidogo.

*

Kura ya maoni ya nchi nzima ilikuwa bado miezi minne, na lolote lingeweza kutokea. Magazeti mengine yalishaandika kwamba mshono hautashika. Lakini ombi la zahanati lilirudishwa kwa waliolileta, na barua fupi: waulizeni kwanza.

Jumamosi iliyofuata Mzee Nukta na shemeji yake walivuka barabara. Walikuwa hawajavuka pamoja miaka mitatu. Binti alikuja nao na begi lake la kazi, maana alisema watu wakikusanyika hakosekani mwenye presha. Wenyeji wa ng'ambo waliwapokea kwenye darasa la tatu la ile shule, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Ilikuwa kazi. Mwanamume mmoja, fundi wa redio, hakutaka hata kusikia. "Mnataka mtunyang'anye shule, wanetu wakae wapi?"

"Sijaja kunyang'anya," Mzee Nukta akasema. "Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini?"

Hapo alikwama. Alikuwa ameandaa hotuba ya kurasa saba, yenye jenerali mmoja. Akatazama kuta, akaona ratiba ya masomo: mchana, kuanzia saa saba, visanduku vyote vitupu.

"Mchana darasa hili linasomewa na nani?"

Wakatazamana. "Na nzi," mama mmoja akajibu.

Basi hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kuwa mazungumzo. Watoto wa upande ule asubuhi, wa upande huu mchana? Na bendera ipandishwe ipi? Fundi wa redio akasema bendera yake haishuki. Shemeji akasema yeye ni fundi, atazishonea zote mbili mifuko ya mito, kila moja ilale kwa zamu. Wakarushiana maneno, wakacheka, wakagombana tena. Fundi wa redio alitoka nje mara mbili, na mara zote mbili alirudi mwenyewe. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba wakutane tena Jumamosi ijayo, na safari hii wa ng'ambo ndio wavuke. Karatasi ya mahudhurio ilipopitishwa, mama mmoja aliigeuza juu chini, akaikagua nyuma na mbele, kisha akauliza kwa sauti imeandikwa nini. Mzee Nukta akamsomea yote, hata tarehe.

"Shemeji," fundi cherehani akamwambia wakitoka, na alisema shemeji tu, bila namba, "leo umesaini wa ngapi?"

"Wa mwisho. Saini yangu imekosa hata pa kuzungushia mkia."

Mlangoni mwanamke mmoja mjamzito alikuwa amemshika mkunga mkono. Tangu mpaka upinde, alisema, alikuwa anapanda gari kwenda kliniki ya mbali ya jimbo lake, kwa kuogopa kukataliwa na zahanati iliyo hatua mia mbili kutoka kwake.

"Sasa je, dada? Nisubiri hiyo kura yenu, au nije?"

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Sita."

"Njoo Jumatatu," mkunga akasema. "Ila njoo mapema, kabla foleni haijawa ndefu. Na kama mama mkwe wako anakuja, mwambie benchi la kusubiria lipo nje."